Barua ya wazi kwa anayesaini ruzuku za dharura za maji

Mheshimiwa,

YAH: KIAMBATISHO NAMBA SITA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya jamii. Si mhandisi wala si daktari. Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao, kutunza daftari la makusanyo na, tangu mafuriko yalipotupitia, kujaza fomu yako. Naandika hadharani kwa sababu makatibu wenzangu wengi wamejaza fomu kama hii, wakarudishiwa, wakanyamaza. Jina la jamii yetu nimeliacha makusudi. Nikilitaja, suala litakuwa letu peke yetu na litamalizwa kwa simu moja ya kutupa pole.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Maji ya juu yakafunika mdomo wa kisima kirefu na kuzama pembeni mwa bomba lake, pale ambapo saruji ilikuwa imeachia ufa. Ufa huo tuliuona zamani, tukaahirisha kuuziba. Hilo ni kosa letu na sitalibambikia mtu. Siku ya kwanza maji yalitoka bombani yakiwa na rangi ya chai. Watu wakaogopa, wakachemsha. Siku ya tano yakatakata, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipoanza, maana mtu akiona maji meupe haogopi tena.

Tuna kipimo kidogo cha klorini, kile cha plastiki chenye vyumba viwili. Unajaza maji, unatumbukiza kidonge, unafunika, unatikisa. Klorini ikiwamo maji yanageuka waridi, na kadiri yanavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Unalinganisha na rangi zilizo ubavuni na kusoma namba. Tumefundishwa isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochotea. Fundi wetu alikitikisa mbele ya watu kama kumi. Kidonge kikayeyuka chote, maji yakabaki meupe kama yalivyoingia. Akatikisa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la mkono wake.

Tukachukua sampuli ya kupeleka maabara. Chupa yake huja na dawa kidogo ndani, ya kuizima klorini ili isiendelee kuua vijidudu njiani. Ukiisuuza kwa kudhani ni uchafu, umeharibu. Inawekwa kwenye kasha lenye barafu na inatakiwa ifike ndani ya saa 24. Barabara ilikuwa imekatika. Chupa yetu ilifika saa ya ishirini na saba, ikakataliwa, na ilikataliwa kwa haki: bakteria waliokaa njiani muda huo huenda wamekufa au wamezaana, na jibu lisingekuwa na maana. Aliyeipokea simlaumu hata kidogo. Ninayoilaumu ni fomu, ambayo ukurasa wake wa pili unasema ombi lisilo na cheti cha maabara halitapokelewa. Yaani ili nithibitishe kwamba mafuriko yametuharibia maji, barabara iliyokatwa na mafuriko hayo hayo sharti ipitike.

Tulipata cheti kwa jaribio la pili. E. coli, bakteria wanaotokana na kinyesi, walikuwamo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa, kwa hiyo hapakuwa na la kubishania.

Yaliyobaki nitayapitia haraka, maana unayajua kuliko mimi. Muhtasari wa mkutano mkuu wenye saini za walio wengi, wakati nusu ya kaya zilikuwa zimehamia sehemu za juu. Michoro ya mhandisi. Hesabu zilizokaguliwa, ambazo vitabu vyake tulivianika juani ukurasa kwa ukurasa. Tangazo rasmi la maafa. Na ankara kifani tatu kutoka kwa wauzaji watatu. Hizi ndizo zilizonichekesha na kuniuma, kwa sababu kila muuzaji ameandika chini kwamba bei yake ni ya siku thelathini. Faili letu lilifunguliwa bei zote tatu zikiwa zimeshakufa.

Majibu yalikuja wiki ya kumi na moja. Kiambatisho namba sita, yaani muhtasari wa mkutano, kina saini lakini hakina mhuri. Mhuri wetu ulisombwa na maji pamoja na meza uliokuwa juu yake. Nililiandika hilo kwenye barua ya utangulizi, aya ya pili.

Wiki kumi na moja ni siku 77. Kipindupindu humwangusha mtu kati ya saa chache na siku 5 tangu alipokunywa maji yenye vijidudu vyake. Hatukukipata, tunashukuru. Tulipata kuharisha, nyumba hadi nyumba, watoto kwanza. Hatukuzika mtu. Nalisema hili kwa sababu fomu ina kisanduku cha idadi ya vifo, chetu kina sifuri, na kila nikikumbuka namna tulivyosubiri najiuliza kama sifuri hiyo haikuturudisha nyuma kwenye foleni.

Sasa tupige hesabu pamoja. Chukua jamii ya watu 2,000. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinataka kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku wakati wa dharura. Hizo ni lita 30,000. Tuseme maji hayo yanahitaji miligramu 2 za klorini kwa kila lita: ni gramu 60. Unga wa klorini unaouzwa una nguvu ya asilimia 65 hadi 70, kwa hiyo unapima kama gramu 90 za unga. Gramu tisini kwa siku, watu elfu mbili. Ndoo moja ya unga ingetuvusha wiki zote zile kumi na moja.

Najua utakachojibu, na ni kweli. Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji yenye tope, lazima yatulizwe au yachujwe kwanza. Inahitaji dakika 30 ndani ya tenki kabla mtu hajachota. Kuna vimelea kama Cryptosporidium wasioijali. Kisima kilichopasuka hakizibwi kwa unga. Yote nakubali. Lakini ndoo ya unga, vidonge vya kupimia, tenki la muda na posho ya fundi anayekesha hapo vilikuwa ndani ya ombi lile lile lenye kisima kipya, na vikalazwa pamoja nacho. Kitu cha wiki moja kilisubiri mchoro wa kitu cha mwaka mzima. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tuliulizwa, kwa nakala tatu.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, hata kama mengine utayaruka. Mwaka 1854, kipindupindu kilipolipuka mtaa wa Broad Street, London, daktari John Snow alikwenda mbele ya wakuu wa parokia jioni ya tarehe 7 Septemba na orodha ya waliokufa na pampu waliyokuwa wakichotea. Hakuwa na cheti cha maabara. Wengi wa wakati ule waliamini ugonjwa unasafiri kwa hewa chafu, na wakuu wale hawakuwa wameshawishika na nadharia yake. Kesho yake waliamuru mpini wa pampu uondolewe. Ni kweli ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua, Snow mwenyewe aliliandika hilo. Na ushahidi wa namna uchafu ulivyoingia kisimani, shimo la choo lililokuwa likivuja jirani, ulipatikana baadaye, walipochimba. Mimi sivutiwi na daktari katika kisa hicho. Navutiwa na wale wajumbe wa bodi, watu wa mafaili kama wewe na mimi, waliotoa uamuzi mdogo, wa gharama ndogo, unaoweza kubatilishwa, ndani ya siku moja, na kuuacha ukweli wote uje kwa mwendo wake.

Ombi langu kwako ni hilo tu: tenganisha milango. Mlango wa kwanza uwe wa hatua za siku saba. Uingiwe kwa kipimo cha klorini kilichopigwa picha, idadi ya watu, na saini za wajumbe watatu wa kamati. Mhuri ukiwapo ni sawa, usipokuwapo pia ni sawa. Upitie humo unga, tenki la muda, maji ya lori la tenki, mafuta ya jenereta, mota ya pampu iliyoungua. Mlango wa pili ubaki na michoro, ankara na ukaguzi wake, nasi tutapanga foleni bila kulalamika.

Si jambo geni. Idara ya Kilimo ya Marekani ina ruzuku ya dharura kwa maji ya jamii za vijijini na miji midogo isiyozidi watu 10,000, na imeigawa kwa ukubwa wa kazi: hadi dola 150,000 kwa ukarabati wa mabomba ya kusambazia, hadi dola 1,000,000 kwa chanzo kipya au mtambo wa kusafisha. Na haidai serikali iwe imetangaza maafa kwanza. Kinachoangaliwa ni kama maji yenyewe yamepungua au yameharibika, kwa ukame, mafuriko, mlipuko wa ugonjwa, kemikali kumwagika. Sisemi wao hawana urasimu. Nasema kwamba mtu fulani aliketi akaona bomba lililopasuka na kisima kilichokufa si kitu kimoja.

Utaniambia habari ya wizi. Nimekaa kwenye kamati miaka ya kutosha kujua kuwa pesa ya dharura huliwa upesi kuliko nyingine yoyote, na wanaoila wakati mwingine ni kamati. Basi usitupe pesa. Mlipe muuzaji wa klorini moja kwa moja, tuletee ndoo, tusaini kupokea. Utatukagua baada ya miezi mitatu. Ukikuta daftari haliendani na unga uliobaki, tufungie mlango wa pili. Mkaguzi anayekuja baada ya watu kunywa maji salama bado ni mkaguzi.

Na kwa kuwa nimetaja daftari, niungame. Kabla ya mafuriko, daftari letu la vipimo vya klorini lilikuwa na miezi minne mitupu. Vidonge viliisha, hatukuagiza vingine kwa wakati, na kijana mmoja alipendekeza tujaze namba ili lisionekane baya. Nilikataa, si kwa uadilifu mkubwa, ila nilikuwa nimesoma habari za Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada. Mei 2000 mvua kubwa ilisomba vijidudu vya samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima cha mji, klorini haikutosha, watu 7 wakafa na wapatao 2,300 wakaugua, katika mji usiofikia watu 5,000. Uchunguzi wa jaji ulikuta wahudumu walikuwa na mazoea ya kuandika vipimo ambavyo hawakuvipima. Kwa hiyo tuliacha miezi minne ile ikiwa mitupu, nanyi mkatupunguzia alama kwa ajili yake. Mngekuwa mmetupatia njia ya kusema wakati wa utulivu kwamba vidonge vimeisha, tungesema.

Maana hilo ndilo jingine: mengi ya hayo mnayoyadai wakati wa mafuriko tungeweza kuyaleta wakati wa kiangazi. Katiba ya kamati, watia saini wa benki (mmoja wa kwetu alishahama, tukagundua siku tunaihitaji saini yake), idadi ya kaya, ramani ya kisima na vituo vya kuchotea, wauzaji mnaowaamini pamoja na bei zao. Tusajilini mapema, mhakiki kila mwaka, na siku maji yakifika magotini tutume picha ya kipimo na tarehe. Sitakuhubiria kuhusu azimio la Umoja wa Mataifa la 28 Julai 2010 lililotambua maji salama kuwa haki ya binadamu. Nina hakika unalifahamu kuliko mimi.

Kuhusu faili letu, hali ni hii. Mhuri mpya umechongwa. Muhtasari ni ule ule, saini zile zile, na doa la tope ukurasa wa tatu nimeliacha kwa sababu kunakili upya kungemaanisha kuwatafuta watu wote wasaini tena. Ankara kifani nimeomba upya. Zinaisha muda siku ya ishirini na tisa kuanzia leo. Kisima bado hakijafungwa vizuri, tumekiziba kwa saruji ya michango, na fundi anapima asubuhi na jioni kwa vidonge tulivyoazima kamati jirani. Jana jioni kipimo kilisoma 0.3. Vidonge vilivyobaki ni kumi na vinne, yaani siku saba.

Wako,
Katibu, Kamati ya Maji

Kiambatisho: Namba sita, kikiwa na mhuri.