Mwili usiitwe mabaki

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu jioni moja nilipokuwa msibani kwa kijana aliyefia kwenye ajali ya basi. Redio ilikuwa imewashwa pembeni. Mtangazaji akasoma kwamba "mabaki ya gari na ya abiria yameshaondolewa barabarani". Mama wa marehemu akainua kichwa akauliza, "Mwanangu ndiye mabaki?" Hakuna aliyemjibu. Mtu akanyanyuka, akaizima.

Tangu siku hiyo nasoma habari za ajali na maafa kwa jicho jingine, na naona maneno mawili, mabaki na vifusi, yamebebeshwa kila kitu.

Kifusi ni rundo la matofali, zege, nondo zilizopinda na vumbi la saruji. Tena ni neno la kazi: fundi anayejaza msingi huagiza lori la kifusi, na hapo hakuna kilichobomoka. Kazi ya kifusi ni kujaza na kufukia. Ndiyo maana jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, kusema watu wamenaswa chini ya kifusi kulitosha. Msomaji alijua mara moja ni kitu gani kimewalalia, na kwa nini hakiwezi kuchotwa kwa pupa. Neno lenye nguvu hivyo linapotumika kwa ndege iliyoanguka au jahazi lililovunjika, linapoteza uzito wake. Ndege haiachi kifusi.

Hata maafa ya Hanang ya Desemba 2023 hayakuwa ya vifusi tu. Mlima ulimeguka, tope likashuka na mawe na magogo hadi Katesh. Basi tuandike tope, mawe na magogo. Aliye mbali aone kilichozibeba nyumba za watu.

Mabaki nayo yana mipaka. Mwezi Juni 2016 kiliokotwa kisiwani Pemba kipande cha bawa, na wachunguzi wakathibitisha baadaye kuwa ni cha ndege MH370 ya Malaysia Airlines, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Ukiandika "mabaki ya ndege yapatikana Pemba", ndugu wa watu hao wataelewa kwamba ndege imeonekana. Kilichopatikana ni kipande. Kiitwe kipande.

Vivyo hivyo lile pete la chuma la takriban kilo 500 lililoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya, tarehe 30 Desemba 2024. Kwa satelaiti zilizokufa zinazozunguka huko juu, "taka za angani" ni jina zuri, nalikubali. Lakini kilichotua Mukuku kilitajwa na Shirika la Anga la Kenya kuwa sehemu ya roketi, na jina hilo ndilo linalomwambia mwanakijiji kwamba kina mwenyewe wa kuulizwa.

Wala hatuna uhaba wa maneno. Kuta zilizosimama bila paa ni magofu, kama yale ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Mji uliohamwa ni mahame. Chungu kilichovunjika ni magae. Gari lililobondeka nyang'anyang'a, likishauzwa kwa uzito, ni chuma chakavu. Haya yote tunayasema kila siku, kisha tukishika kalamu tunayasahau.

Ombi langu kwa chumba chako cha habari ni dogo. Waliokufa waitwe marehemu, na tukitaja walichoacha, tuseme miili. Pale ambapo moto au maji hayakuacha mwili mzima, mwandishi aseme "viungo" au "masalia ya marehemu", na ayaweke kwenye sentensi yake peke yake, mbali na bodi, vioo na matairi.

Msomaji wako wa kila siku