Mawe tunayo Uru, kwa nini tulazimishwe bloku?

Ndugu Mhariri,

Bila shaka unaikumbuka ile makala ya ukurasa wa kati iliyosifu vijiji vya milimani vya Uswisi na China vilivyofufuliwa kwa ujenzi wa asili yao, kisha ikamalizia kwa kutuasa sisi watu wa Kilimanjaro tukajifunze huko. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuandika hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Sina ugomvi na Vrin, kile kijiji cha Uswisi. Ni kijiji kilicho kwenye mwinuko wa karibu mita 1,450, watu wake hawafiki mia tatu, na msanifu wake wa majengo, Gion Caminada, ni mzaliwa wa hapo hapo aliyeanza maisha kama seremala kabla ya kuwa profesa Zürich. Makala ilitueleza kwa kirefu jinsi mbao nene zinavyolazwa na kupishana kwenye pembe za nyumba. Ikaruka kiini chenyewe. Watu wa Vrin walianza na ng'ombe. Walihangaika kwanza ardhi ya kijiji isiangukie mikononi mwa walanguzi, wakajenga mabanda mapya ya mifugo na machinjio ili mfugaji apate riziki bila kuhama, na yote hayo wakayajenga kwa mbao na kwa mikono ya mafundi wa kwao. Tuzo ya Wakker, ile ya Uswisi ya kutunza urithi wa majengo, ya mwaka 1998 iliwakuta tayari wako kazini. Kule Songyang nako, katika jimbo la Zhejiang nchini China, msanifu Xu Tiantian alipofika kijiji cha Caizhai aliwajengea wanakijiji kiwanda cha tofu, kile chakula chao cha soya, jengo la mbao linalopanda mteremko hatua kwa hatua kama kazi yenyewe ya kutengeneza tofu inavyokwenda. Jengo ni mahali pa kazi. Kijana anayeondoka kijijini harudishwi na paa zuri, anarudishwa na kazi iliyo chini ya hilo paa.

Sasa mwandishi wako alipofika upande wetu, alitupa nini? Picha ya msonge uliojengwa kwa ajili ya watalii, na maelezo chini yake kwamba hivi ndivyo Wachaga walivyoishi zamani. Hakuna fundi hata mmoja aliyehojiwa. Hakuna mama wa kihamba, yaani shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa, aliyeulizwa anajenga kwa vifaa gani na kwa shilingi ngapi.

Hakuna anayetaka kurudi kulala msongeni. Sisi tuliowakuta bibi zetu bado wanaishi humo tunaijua raha yake na karaha yake: ng'ombe upande mmoja, mafiga katikati, juu darini kuni zinakauka na ndizi zimehifadhiwa, na moshi wote huo unapita machoni mwa mama anayepika. Nyasi za kuezekea nazo zimekuwa adimu. Lakini ujenzi wa huku haukufa pamoja na msonge. Mlima huu ni wa volkano, kila unapochimba shimo la mgomba jembe linagonga jiwe. Wazee wetu walijifunza kuchonga mawe hayo wakati wa misheni, na makanisa waliyoyajenga tunasali ndani yake mpaka leo. Migrivea tuliyopanda kutia kivuli kahawa inatoa mbao na nguzo. Mringaringa unatoa mlango utakaorithiwa na wajukuu. Udongo upo. Na mafundi mawe wapo, ila siku hizi wanaitwa kwenye msingi tu. Wakishamaliza, kazi yao inafukiwa, na juu yake inapandishwa bloku ya inchi sita iliyotoka mjini.

Acha nikueleze yaliyotupata. Kikundi chetu cha akina mama kilitaka kujenga chumba cha kupokelea maziwa, maana maziwa ya asubuhi yanakaa juani yakisubiri gari na mengine yanaganda hapo hapo. Mawe tuliyatoa kwenye vihamba vyetu, bure. Mbao za mgrivea alizitoa mjane mmoja jirani yangu, akasema yeye hana fedha lakini ana miti. Fundi mawe, mzee ambaye mikono yake imejenga nusu ya misingi ya kata hii, alikubali kufanya kazi kwa malipo kidogo kidogo. Akaja ofisa mmoja, sitaji ofisi yake, akautazama ule mchoro wetu, akauliza kwa nini tunataka kujenga kimaskini. Akatwambia ukuta wa mawe na udongo hautambuliki, kwamba tukitaka fedha za kukamilisha na kibali lazima iwe bloku, nondo, saruji na madirisha ya aluminiamu. Tukatii, Mhariri. Tungefanya nini? Tipa la bloku likashindwa kupanda kilima kwa sababu ya utelezi wa masika, likamwaga mzigo wote barabarani kule chini, na akina mama wakazibeba kichwani bloku zile kuzipandisha mlimani, wakipita pembeni ya lundo la mawe yao wenyewe waliyokwisha kuyakusanya! Mmoja alikuwa mjamzito, tukamkataza, akabeba. Fedha zikaishia kwenye lenta. Leo lile ni pagale, ndani yake pameota magugu, na maziwa yangali juani. Yule mzee fundi akipita pale anageuza uso. Yule ofisa sijamwona tena, na nikimwona nitamuuliza ni nani hasa alitufanya maskini siku ile.

Na wasituambie udongo ni aibu. Msanifu majengo Francis Kéré alijenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ikakamilika mwaka 2001, kwa tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na paa la bati likainuliwa juu ya dari ili hewa ya moto itoke. Wanakijiji wenyewe ndio waliojenga. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika fani ya usanifu majengo. Hapa kwetu angeambiwa mchoro wake hautambuliki.

Nikishalianza hili siwezi kuziacha nyumba za Desemba. Watoto wetu waliofanikiwa Dar es Salaam wanakuja kujenga nyumbani, na Mungu awabariki kwa kukumbuka walikotoka. Lakini wanajenga jumba la ghorofa la kulala wiki mbili za Krismasi, na kabla ya jumba wanajenga ukuta. Ili ukuta usimame, masale yanang'olewa. Masale, Mhariri! Mmea uliowekwa na babu zao kuonyesha mpaka, ambao jani lake Mchaga akilishika mkononi na kuja kuomba msamaha huwezi kumkatalia. Unang'olewa, unatupwa kwenye jaa, mahali pake panamwagwa zege. Na mfongo, yaani mfereji wa maji ya mashamba, uliokuwa ukipita hapo unafukiwa, kwa sababu mwenye jumba ana bomba, hivyo majirani wa chini wanaamka hawana maji ya migomba. Hapa hapa Uru, Shimbwe Juu ilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa dunia wa kilimo kwa sababu ya mfumo huu wa kihamba. Nani anamweleza hayo mwenye jumba wakati anapopewa kibali cha ukuta?

Nataka yafuatayo yafanyike. Halmashauri ichapishe mchoro mmoja wa bure wa jengo la kazi la kijijini, lenye msingi na ukuta wa mawe hadi kimo cha dirisha, juu yake mbao za mgrivea, bati limetokeza sentimita tisini kila upande kuzuia mvua ya masika, na baraza ya mawe ya kukalia, sentimita arobaini na tano kutoka chini, ili mama aliyechoka aketi bila kuinamishwa kama mtoto. La kwanza lijengwe sokoni Mwika, kwa wauza ndizi, ambako mikungu inalazwa chini kwenye tope. Lijengwe na mafundi mawe, kila mmoja na vijana wawili wa kufundisha, nao walipwe kama anavyolipwa fundi wa bloku. Kibali cha ukuta kisitolewe mpaka mzee wa mfongo aende mwenyewe akakague mahali maji yanapopita, naye atie sahihi.

Nawe, Mhariri, mtume tena yule mwandishi. Aje siku ya Jumatano, fundi wetu huwa hana kazi siku hiyo. Lundo la mawe bado lipo, atamkuta amekaa karibu nalo, na amuulize bei.

Msomaji wako,
Mkulima na mfugaji,
Uru, Moshi