Mheshimiwa, chokaa itakuja lini? Shamba limechoka

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Kilimo wa kaunti yetu,

Salamu nyingi, natumai uko salama. Mimi niko Bonde la Ufa huku kwa mahindi na nimevumilia sana. Jumatatu nilikaa foleni ya mbolea ya ruzuku toka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nane mchana, kufika mbele naambiwa kuna DAP pekee, ile mbolea ya naitrojeni na fosforasi, lakini chokaa ya kupunguza asidi ya udongo hakuna na hakuna anayejua inakuja lini. Nikarudi na boda na magunia mawili ya kitu ninachoamini ndicho kimenimalizia shamba.

Ni ekari mbili na nusu, mahindi juu ya mahindi tangu enzi za baba. Kila msimu DAP, kila msimu mabua yanauzwa ama yanachomwa, hakuna kinachorudi ardhini, hao bakteria na nyungunyungu watakula nini? Zamani ukipiga jembe unawaona wanajikunja, saa hii ni vumbi tu. Msimu uliopita niling'oa maharagwe nikaangalia mizizi, vile vifundo vya bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewani kulisha mmea vilikuwa vitatu, vidogo, nikapasua kimoja kwa ukucha ndani cheupe pe! Kinachofanya kazi huwa chekundu kama nyama. Mahindi nayo majani zambarau, njaa ya fosforasi, na fosforasi ndiyo tunamwaga kila mwaka. Amonia ya DAP ikigeuzwa na bakteria inaacha asidi, pH, kile kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 5.5 (ikishuka ndiyo asidi inazidi) aluminiamu ya udongo inayeyuka, inachoma mizizi na kuikamata ile fosforasi, mmea unalala njaa na chakula kiko hapo hapo.

Mheshimiwa, Mei 2024 viongozi wa Afrika waliketi hapa hapa Nairobi wakaahidi kufufua angalau asilimia 30 ya ardhi iliyochoka ifikapo 2034. Na wewe mwenyewe ulisimama kwa uwanja wa chifu ukasema kila mkulima atapimiwa udongo, tukapiga makofi. Watu wako wakaja kweli, wakachimba vishimo, wakajaza mfuko wa nailoni, wakaandika jina langu kwa kalamu nyekundu wakaenda. Misimu minne imepita. Majibu yako wapi? Hata kama ni mabaya niambieni tu.

Sikuombi pesa. Naomba majibu ya udongo wangu na chokaa kabla mvua ya Machi haijaanza, kwa sababu chokaa inataka ikae ardhini wiki kadhaa ndiyo tupande. Tafadhali Mheshimiwa, chokaa. Mahali pa kuimwaga pako, mimi na mama watoto tumeshalima.

Ni mimi mkulima wako.