Kihisi cha gesi huharibikia kwenye kuosha

Mhariri,

Kila zinapoandikwa habari za vihisi vya gesi vya oksidi ya bati, sifa zote huenda kwa udogo wa chembe za unga wa oksidi hiyo. Udogo una maana, hatukatai. Oksijeni ya hewani hunata juu ya chembe na kunyakua elektroni, ukinzani wa umeme ukapanda; monoksidi ya kaboni ikifika huila oksijeni hiyo, elektroni zikarudi, ukinzani ukashuka. Tabaka linalonyang'anywa elektroni lina unene wa nanomita 3 hivi, ndiyo maana chembe iliyo chini ya nanomita 6 huathirika yote. Lakini kazi nyingi huharibika kabla ya hapo, kwenye kuosha unga unapotengenezwa.

Unga hutengenezwa hivi: yeyusha gramu 3.5 za kloridi ya bati yenye molekuli tano za maji katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Dondosha amonia huku ukikoroga hadi pH 8. Mashapo meupe yatakayojitenga yamejaa kloridi, nayo ikibaki hukalia nafasi ya oksijeni juu ya chembe.

Osha mashapo hayo kwa maji; kipimo cha kloridi iliyobaki ni nitrati ya fedha: maji ya kuoshea yakiweka ukungu mweupe, osha tena. Ila amonia iliyobaki huuyeyusha ukungu huo, maji yakaonekana safi na kloridi bado imo. Tia asidi ya nitriki kwanza mpaka maji yawe na uasidi, ndipo upime. Halafu mashapo yakikaribia kutakata huanza kupenya karatasi ya kuchujia, na wengi hudhani imechanika. La, chumvi imepungua, chembe zinasukumana na kutawanyika. Tumia sentrifuji, mashine inayotenganisha mashapo kwa kuzungusha kasi, au oshea maji yenye asetati ya amonia kidogo, ambayo tanuri itaiondoa.

Kausha kwa nyuzi 100 usiku kucha, kisha choma kwa nyuzi 500 kwa saa 2, ukipandisha nyuzi 5 kila dakika. Wapo wanaoishia nyuzi 300 ili chembe zibaki ndogo. Hesabu mbovu hiyo: kihisi chenyewe hufanya kazi kwenye nyuzi 200 hadi 400, kwa hiyo chembe zitaendelea kukua ndani ya kifaa na vipimo vitahama. Afadhali chembe ya nanomita 10 iliyotulia.

Nanyi mkitangaza kihisi kipya, tuambieni kilipimwa katika hewa ya unyevu gani. Mvuke wa maji peke yake hushusha ukinzani, na kihisi kilichozoezwa hewa kavu ya mtungi kitalia king'ora mtu anapooga.

Wasomaji wenu wa maabara