Mbona nimelipa na sikio bado limeziba?

Kila mwaka baridi ikishika, kuanzia Juni mafua yanapozunguka Mbeya nzima, lawama ni ileile. Mteja anakuja hapa kwetu tunapopima masikio, sikio limeziba tangu augue mafua, anataka lisafishwe. Tunaangalia, tunapima, tunamwambia nta hakuna, tatizo liko nyuma ya ngoma ya sikio, kwa hiyo hatusafishi. Analipa kwa shingo upande. Jioni tunasoma maneno yake kwenye simu: hawa watu wanachukua hela bila kufanya kazi. Wa karibuni alituita wezi kabisa, kwa sababu jirani yake alitolewa donge zima la nta kwa bei hiyohiyo na akasikia palepale, yeye hakutolewa hata chembe.

Dada yetu, hukuibiwa. Jirani yako alikuwa na nta. Wewe ulikuwa na maji nyuma ya ngoma, na hayo hayafikiwi na bomba la kuoshea wala kijiti, labda mtu akutoboe. Kukuosha sikio lisilo na nta ni sawa na kudeki baraza wakati bomba limepasuka chumbani. Tungeweza kukumiminia maji ya uvuguvugu dakika tano, ukaondoka umeridhika na sikio lako vilevile. Wapo wanaofanya hivyo. Sisi hatufanyi.

Nieleze kinachotokea, maana wengi hudhani mafua yakiisha yameisha. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa na vifupa vitatu. Chumba hicho kina mrija mwembamba unaoshuka hadi nyuma ya pua, na kila unapomeza au kupiga mwayo mrija unafunguka kidogo, hewa inaingia. Mafua yakivimbisha njia ya pua, mrija nao unavimba na kujifunga. Hewa iliyobaki ndani inanyonywa taratibu, ngoma inavutwa kwa ndani, kisha majimaji yanaanza kujikusanya. Hapo ndipo unaposikia sauti yako inagonga kichwani, ukimeza kitu kinalia "ta!", na watu wakiongea ni kama wako chumba cha pili. Homa imeondoka, kamasi zimekauka, lakini mrija unachelewa kurudi hali yake. Kwa mtu mzima inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa mtoto hata miezi mitatu, maana mrija wake ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mkubwa. Mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe.

Na antibiotiki? Mafua huletwa na kirusi, na kirusi hakisikii amoksilini. Bakteria wakiingia baadaye, sikio likauma kwelikweli, likatoa usaha na homa ikarudi, hiyo ni habari nyingine na utaandikiwa dawa na daktari. Lakini sikio lililoziba tu, bila maumivu, halihitaji dozi ya kununua dukani kwa kubahatisha.

Sasa bei, maana najua ndiko mnakosubiri. Shilingi 25,000 "ya kuchungulia tu". Tukiweka kurunzi sikioni tunatazama rangi ya ngoma, imevutwa au imevimba, kama kuna mstari wa maji au mapovu, kama kuna tundu. Kisha tunaweka kizibo laini, na mashine inabadilisha mgandamizo wa hewa huku ikichora. Sikio zima linachora mlima katikati ya karatasi. Ngoma iliyovutwa ndani inachora mlima uliohamia kushoto. Lenye maji linachora tambarare, na kwetu ukisikia "huyu ni B", ndiye huyo wa tambarare. Karatasi hiyo unaondoka nayo, ukirudi mwezi unaofuata tunailinganisha na mpya, na wewe mwenyewe unaona kwa macho kama mlima umeanza kuchomoza. Baada ya hapo unaingia chumba cha ndani kupimwa usikivu, sauti moja baada ya nyingine, kuanzia nzito ya mitetemo 250 kwa sekunde hadi nyembamba ya 8,000. Vizibo vya mteja mmoja haviendi kwa mwingine bila kusafishwa kwa dawa. Mashine zenyewe lazima zisawazishwe kila mwaka, fundi wake hayuko Mbeya, na gharama yake inatolewa humuhumu. Anayekuchungulia kwa tochi ya simu sokoni ni kweli anatoza buku mbili. Ulizeni tu anaona nini.

Hata kuosha kwenyewe, pale panapohitajika, si kumwaga maji. Maji ya bomba ya hapa mwezi wa saba ni baridi ya kuumiza meno. Yakiingia sikioni hivyohivyo yanashtua sehemu ya ndani inayotunza mizani ya mwili, na mtu anapata kizunguzungu cha kutapika. Alikuja kwetu kijana wa bodaboda wa Mafiati aliyeoshwa mahali fulani na maji ya ndoo. Alianguka kwenye kiti, akatapika, akaamini amerogwa. Ndiyo maana hapa kwetu kuna chupa ya chai mezani na kipimajoto. Tunachanganya maji mpaka yafike nyuzi 37, joto la mwili, ndipo tunaosha. Wateja wanatucheka: "Leo mnatupikia chai?" Sawa, chekeni.

Kinacholeta hasara zaidi ni njia za mkato kabla ya kufika kwetu. Sikio limeziba baada ya mafua, mtu anaanza na kijiti cha pamba. Hakitoi kitu, kinashindilia. Halafu mafuta ya nazi yaliyopashwa, maji ya kitunguu saumu, wengine maziwa ya mama. Yasiposaidia, anakwenda duka la dawa, anapewa matone ya jentamaisini, yaleyale ya macho. Ngoma ikiwa nzima, matone hayo hayavuki, kwa hiyo maji yaliyo nyuma yake hayaguswi. Ngoma ikiwa na tundu, yanavuka, na jentamaisini ni dawa inayoweza kuua chembe za kusikia za sikio la ndani. Kwa hiyo ama haikusaidii ama inakuhatarisha. Usiweke tone lolote kabla mtu hajaiona ngoma yako.

Fundi cherehani mmoja wa Mwanjelwa alipitia hatua zote hizo. Alipofika kwetu tundu la sikio lilikuwa limejaa kitu cheupe chenye vidoadoa vyeusi, kimelowa mafuta: fangasi. Unyevu, mafuta na ngozi iliyokwaruzwa na kijiti, fangasi hawatafuti makazi mengine. Ilibidi tumsafishe kwa mashine ya kunyonya, arudi, asafishwe tena, arudi tena, huku akiwa na dawa ya fangasi ya daktari. Alilipa mara kadhaa ya ile bei aliyokuwa anaikwepa. Na tulipomaliza kusafisha, nyuma ya ngoma maji ya mafua yalikuwa bado yapo yanamsubiri. Hayo yalikauka yenyewe baadaye, bure.

Basi ufanye nini ukisubiri? Kunywa maji, meza mara kwa mara, tafuna bigijii. Penga kamasi tundu moja moja, taratibu, usibane pua zote mbili ukapuliza kwa nguvu wakati bado una kamasi nzito, unazisukumia huko juu. Maji ya chumvi puani yanasaidia, ila yawe yamechemshwa na kupozwa. Dawa ya kupuliza ya kuzibua pua isizidi siku tano. Ukiizoea, pua inavimba zaidi kila unapoikosa, na tuna wateja wanaotembea nayo mfukoni mwaka wa pili.

Watu wa nyanda hizi tuna shida moja ya ziada: milima. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kyela ni karibu mita 500. Mama mmoja anayefuata mchele Kyela alikuwa na uhakika kwamba hali ya hewa ya kule haimfai, kwa sababu kila akishuka na mafua sikio linamchoma, akirudi Mbeya linapoa. Si hali ya hewa. Gari likishuka, hewa ya nje inazidi kukandamiza ngoma, na mrija uliovimba hauwezi kufunguka kuruhusu hewa iingie kusawazisha. Kupanda ni rahisi, hewa ya ndani inajitokea yenyewe. Wanaoshuka Kitonga kwenda Morogoro wanaijua hali hiyo, na wanaopanda ndege Songwe pia. Ukiwa na mafua na safari haina budi, usilale gari linaposhuka, maana aliyelala hamezi mate vya kutosha. Mtoto mchanga mnyonyeshe wakati wa kushuka.

Kuhusu watoto nina neno. Mama wa Mbalizi alimleta mtoto wa darasa la kwanza kwa sababu mwalimu alisema mtoto ni jeuri, akiitwa haitiki. Nyumbani nako alikuwa ameshachapwa. Karatasi ilichora tambarare masikio yote mawili. Mafua yalikuwa yamepita wiki nyingi nyuma, kila mtu ameyasahau, mtoto alikuwa anasikia nusunusu tu. Tulimwandikia barua mwalimu amkalishe mbele, tukapanga arudi. Mtoto akipita miezi mitatu bado yuko hivyo, tunamwandikia rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, kule Hospitali ya Rufaa ya Kanda au kokote mzazi anakoweza. Mtu mzima mwenye maji upande mmoja tu yasiyoisha tunampeleka mapema zaidi, hata bila mafua, kwa sababu lazima daktari atazame nyuma ya pua kama hakuna uvimbe unaoziba mrija.

Sasa nifike kwa wale ambao hawatakiwi kusubiri hata kidogo, na ndio hasa sababu ya kupima kila mtu badala ya kumwambia "ni mafua tu, yatapita". Kuna ugonjwa wa sikio la ndani ambao unaweza kumpata mtu ghafla: analala anasikia, anaamka sikio moja limekufa, pengine linalia nziii na dunia inazunguka. Naye atakwambia neno lilelile, "limeziba". Ukitazama ngoma, ni safi. Mashine inachora mlima mzuri. Kipimo cha usikivu ndicho kinachomuumbua. Huyo anahitaji daktari siku hiyohiyo, aanzishiwe dawa jamii ya steroidi, kwa sababu faida yake ni kubwa siku za mwanzo, na baada ya wiki mbili hivi matumaini yanapungua sana. Mwalimu mmoja wa Tukuyu alikuja baada ya mwezi mzima wa mafuta na matone. Sikio lile halikurudi. Alituuliza mashine ya kusikia bei gani, na ilikuwa vigumu kumjibu.

Kuna jaribio la nyumbani. Funga mdomo, guna "mmmm". Sauti ikihamia kwenye sikio bovu, uwezekano mkubwa ni kizuizi, nta au maji. Ikihamia kwenye sikio zima na lile bovu likabaki kimya, usingoje kesho. Halichukui nafasi ya kipimo, ila linakwambia uharakishe kiasi gani. Vilevile wahi hospitali ukiona vipele vyenye maji sikioni na uso unapinda upande mmoja: huo ni mkanda wa jeshi umeshika mshipa wa fahamu wa uso. Na mtoto aliyeugua matumbwitumbwi au surua apimwe akishapona, hata kama halalamiki. Matumbwitumbwi yanaweza kuua sikio moja na mtoto asiseme lolote.

Wengine wanakuja na mlio uliobaki baada ya mafua. Mara nyingi unafifia kadiri usikivu unavyorudi. Ila fundi wa kiwanda cha mbao Mafinga aliyalaumu mafua, kumbe kipimo chake kilikuwa kimeshuka ghafla kwenye sauti ya 4,000, pande zote mbili. Hiyo ni alama ya msumeno, ni kazi ya miaka. Mafua yalimzibia kelele za nje akausikia mlio uliokuwepo siku zote. Yeye tulimshauri anunue vizibo vya kuvaa kazini.

Na yupo mzee wa Makambako aliyekuja na hela taslimu kununua mashine ya kusikia, mafua yakiwa na wiki tatu. Karatasi yake ilikuwa B. Tulimkatalia kumuuzia. Alinuna, akasema kumbe hatuna bidhaa. Aliporudi mlima ulikuwa umechomoza, usikivu wake ni wa kawaida kwa umri wake, na hela yake anayo.

Ukipanga kuja, usiweke kitu chochote sikioni kuanzia leo. Njoo na dawa zote ulizotumia, hata za kienyeji, na boksi zake kama zipo. Mtoto mlete akiwa ameshiba, anayelia hapimiki. Mwenye kizunguzungu asije peke yake na bodaboda. Ukirudi kupimwa mara ya pili ndani ya miezi mitatu kwa tatizo lilelile, unalipa nusu, na hilo limeandikwa kwenye risiti yako kwa chini, ambako dada yetu hakusoma.