Mvuke unaongeza kinga? Tuongee kuhusu protini za joto

Karibu kila wiki mteja anatoka chumba cha mvuke, bado anajifuta jasho, ananiuliza, "Dada, eti hii inaongeza kinga? Nimeona video wanasema joto linaamsha protini zinazoua saratani." Pale mapokezi huwa najibu juujuu maana watu wanasubiri, sasa leo ngoja niandike vizuri, kwa sababu hizo protini zipo kweli na zina mambo makubwa, ila sio yale wanayouza kwenye video.

Tuanzie jikoni. Ukivunja yai kwenye kikaango ule ute unageuka mweupe na kukaza, na hata lipoe vipi halirudi kuwa bichi. Ute ule una protini, joto limezikunjua zikashikana ovyo. Sasa ndani ya seli zako kuna protini za aina maelfu, kila moja imekunjwa kivyake ndo ifanye kazi, joto likizidi zinaanza kulegea, na seli inatengeneza fasta wasaidizi wa kuzishika na kuzikunja upya. Wasaidizi hao ndo protini za mshtuko wa joto, watu wa maabara wanaziita HSP. Ukiona HSP70 au HSP90, ile namba inatokana na uzito wake.

Zilianza kujulikana Italia. Mtafiti Ferruccio Ritossa alikuwa anachunguza nzi wadogo wa matunda, mtu akapandisha joto la kabati wanamotunzwa bila yeye kujua, kuja kuangalia kwenye darubini anakuta kromosomu zimevimba sehemu mpya kabisa, ishara kwamba joto limeamsha jeni za hapo. Akachapisha 1962.

Sasa kinga inaingiaje hapa? HSP ikiwa ndani ya seli ni fundi tu, inakarabati na kunyamaza. Ila seli ikifa vibaya, imeungua au imepasuliwa na kirusi, HSP inamwagika nje, na haitoki mikono mitupu, inatoka imeshika vipande vya protini za ile seli. Kama seli ilikuwa na kirusi au saratani, alama zake zimo kwenye vile vipande. Huko nje kuna seli za kinga zinaitwa dendritiki, zinazunguka kama sungusungu usiku, zina kipokezi kinaitwa CD91 ambacho kinanasa HSP pamoja na mzigo wake. Zinauvuta ndani, zinaukatakata, zinabandika kipande juu yao kama picha ya mhalifu anayetafutwa, alafu zinasafiri mpaka kwenye tezi za limfu, zile zikivimba tunasema mtoki, na kuzionyesha seli T, askari wa kinga. Ile seli T inayoitambua picha inazaliana kwa wingi na kwenda kusaka kila seli yenye alama hiyo. Mimi hapo ndo huwa nasisimka, yaani fundi yule yule wa ndani, akionekana nje tu, anakuwa mpiga king'ora mwenye ushahidi mkononi.

Mtafiti Pramod Srivastava na wenzake walionyesha hili kwa panya tangu miaka ya 1980: HSP iliyotolewa kwenye uvimbe wa saratani ilimkinga panya dhidi ya uvimbe ule ule, sio mwingine. Ikaja hadi chanjo inayotengenezwa kutokana na uvimbe wa mgonjwa mwenyewe, Urusi wakaikubali 2008 kwa saratani ya figo, ingawa jaribio kubwa halikuonyesha faida kwa wagonjwa wote kwa ujumla.

Kwa hiyo chumba chetu? Joto lake linaweza kuongeza HSP, ndio, lakini ndani ya seli, kwenye kazi ya ufundi. Hatupasui seli za mtu, na tukizipasua maana yake tumekuunguza. Siwezi kukuambia njoo utibu saratani au virusi hapa, nitakuwa nakuibia. Tunachouza ni misuli kulegea, kutoka jasho na akili kutulia.

Na homa je? Utafiti wa 2019 kwa panya ulionyesha kwamba joto la homa linaongeza HSP90 kwenye seli T, inazisaidia kung'ang'ania kuta za mishipa na kuingia palipo na maambukizi. Lakini homa mwili umejipandishia wenyewe, usije kuongezea juu yake. Kuna mama alikuja ameshajifukiza nyungu nyumbani mara mbili, anataka "ya kumalizia", nikamshika mkono unachoma kama pasi. Sikumruhusu. Nilimpa maji, nikamkalisha kwenye feni, nikamwitia bajaji akapime, ikawa malaria.

Ndo maana siku hizi tunapima joto mlangoni. Ukifika 37.5 tunakupangia siku nyingine na hela yako haikatwi. Wajawazito na wenye presha au matatizo ya moyo, ongeeni na daktari kwanza. Wengine wote dakika 15, chupa ya maji mkononi, ukihisi kizunguzungu gonga kioo, kuna dada amekaa hapo nje muda wote.