Injini kubwa za boti za kasi zikaguliwe hadi ndani ya chumba cha mashine

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalosikika katika karakana na maegesho ya boti kuanzia Msasani hadi Kunduchi, nalo ni hamu ya baadhi ya wamiliki wa boti za kasi kuachana na mashine za kupachika nyuma na kufunga injini kubwa za petroli ndani ya chombo. Sina ugomvi na hamu hiyo, kwani mimi ni fundi wa mashine za boti na injini kubwa iliyotengenezwa kwa ustadi hunifurahisha. Ninachoomba ni kwamba kabla boti yenye injini ya namna hiyo haijaruhusiwa kupakia abiria kwenda Bongoyo, Mbudya au Zanzibar, mkaguzi afungue kifuniko cha chumba cha mashine na akague vifaa vilivyomo kimoja baada ya kingine, kwa sababu hatari yake haitokani na ukubwa wa injini bali na vipuri ilivyofungiwa na namna chumba chenyewe kinavyopitisha hewa.

Wanaozisifu injini hizi wana sababu. Mwaka 2010 kampuni ya Mercury Racing, yenye makao yake Fond du Lac katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, ilitoa injini ya V8, yaani ya silinda nane, ya lita 9.0 yenye valvu nne kwa kila silinda na tabo mbili za kuisukumia hewa zaidi, ikitoa nguvu za farasi 1,350, na hiyo ni injini inayouzwa kutoka kiwandani, si ya kuungwaungwa na fundi wa mashindano. Katika daraja la chini yake, MerCruiser ya lita 8.2 hutoa nguvu 430 bila tabo yoyote. Ukubwa wa lita una maana sana baharini kuliko barabarani. Gari likishapata mwendo hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu ya injini, na likikuta mteremko injini hupumzika. Bahari haina mteremko, na propela husukuma maji mazito muda wote wa safari. Injini yenye silinda kubwa hutoa nguvu ya kutosha ikiwa katika mizunguko michache kwa dakika, hivyo huinua boti juu ya maji mapema na hudumu kuliko injini ndogo inayolazimishwa kupiga kelele kutwa nzima.

Shida inaanza pale bei inapotajwa. Injini kubwa ya boti, ikiwa mpya, ni ghali mno, na fundi anayeijua vizuri anaweza kumwambia mteja kwamba bloku yake, yaani mwili wa chuma wenye silinda, imetokana na bloku ya gari, jambo ambalo kwa sehemu kubwa ni la kweli. Kwa miaka mingi watengenezaji wa injini za boti wa Marekani walinunua bloku za V8 kutoka General Motors na kuzivisha vifaa vya baharini. Hata kampuni hiyo ilipoacha kutengeneza V8 yake ya lita 8.1 mwaka 2009, wajenzi wa boti walitikisika. Mwaka 2021 Chevrolet ilitoa injini ya lita 10.3 yenye nguvu 1,004 bila tabo, iliyokusudiwa magari ya mashindano ya mwendo mfupi. Kwenye karatasi inaonekana kubwa kuliko nyingi za baharini. Mteja akishaona takwimu hizo huuliza kwa nini asinunue V8 ya gari, hata iliyotumika, aifungie shafti na propela, abakize fedha zake. Jibu la swali hilo ndilo lililonifanya niandike.

Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata ikiwa na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto letu la Februari. Mvuke huo ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Ukivuja ndani ya gari huanguka chini na kupeperushwa barabarani, lakini ukivuja ndani ya boti hauna pa kutokea. Hushuka hadi ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na kutulia humo, chini ya miguu ya abiria, ukisubiri cheche. Hauhitaji kuwa mwingi. Mvuke ukifikia asilimia 1.4 tu ya hewa iliyomo chumbani, mchanganyiko huo unaweza kulipuka, na utaendelea kuwa na uwezo huo hadi ufikie kiasi cha asilimia 7.6. Dizeli haina tabia hii, kwa kuwa haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50, na hiyo ni sababu mojawapo ya vyombo vikubwa vya abiria kutumia dizeli. Mashine ya kupachika nyuma nayo hukaa nje, kwenye upepo, ikivuja kidogo mvuke wake huchukuliwa. Mvuvi wa Kunduchi anayebeba mashine yake begani, kwa upande huu, yuko salama kuliko mwenye V8 iliyofunikwa kwa sitaha nzuri ya kung'aa.

Stata ya gari, yaani mota ya kuwashia injini, ina brashi zinazotoa cheche kila inapozunguka, na alteneta ya gari, inayochaji betri, vilevile. Zile za baharini zimezibwa au kuwekewa wavu maalumu, ili mvuke ukiwaka ndani yake moto usitoke nje, na upo hata kiwango cha kimataifa cha kuzipima, ISO 8846. Kwa macho zinafanana kabisa, na bolti zake mara nyingi huingia mahali palepale, ndiyo maana stata ya baharini ikifa ni rahisi mtu kwenda kununua ya gari na kurudi jioni boti ikiwaka vizuri. Nimewahi kufungua chumba cha boti ya kutembeza watalii nikaikuta stata ya namna hiyo imekaa sentimita chache juu ya ngama yenye mafuta, na mwenye boti hakuwa na habari kwamba kuna tofauti. Simlaumu sana, maana hakuna aliyemfundisha.

Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nayo ina mambo yake. Ya gari ikifurika humwaga petroli nje juu ya injini, wakati ya baharini imetengenezwa ili petroli inayozidi iingie kooni mwake na kumezwa na injini. Juu yake hufungwa kizuia moto, kifaa cha chuma chenye matundu membamba kinachozima ulimi wa moto pale injini inapocheua kupitia kabureta. Marekani inakidai kisheria kwa kila injini ya petroli ya ndani iliyofungwa baada ya tarehe 25 Aprili 1940, na mimi huona chujio la hewa la gari dogo likiwa limekaa mahali pake. Pampu ya petroli ya baharini ina ngozi mbili za kusukumia mafuta, ili ya kwanza ikipasuka petroli isimwagike. Kuhusu kupoza injini sitasema mengi, isipokuwa kwamba maji ya chumvi yasipitishwe moja kwa moja ndani ya bloku ya gari, maana italika na kutoboka.

Wingi wa mafuta unaongeza uzito wa hoja hii. Kwa makadirio ya kawaida ya mafundi, injini ya petroli ikiendeshwa kwa nguvu zake zote hula karibu galoni moja ya Kimarekani kwa saa kwa kila nguvu kumi za farasi. Boti yenye injini mbili za nguvu 430 itakula takribani lita 325 kwa saa moja, kwa hiyo itabidi ibebe mamia ya lita za petroli chini ya sitaha, pamoja na mipira, viungio na klampu zake zote, na kila kimoja kinatikiswa na mawimbi ya mkondo wa Zanzibar.

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, ndilo lenye jukumu la usalama wa vyombo vya majini upande wa Bara, na Zanzibar ipo Mamlaka ya Usafiri Baharini. Naziomba taasisi hizi mbili zikubaliane masharti yaleyale kwa boti zenye injini za petroli za ndani, kwa sababu boti hiyohiyo asubuhi iko Slipway hapa Msasani na mchana iko Forodhani kule Zanzibar. Chuo cha Bahari Dar es Salaam na VETA wanaweza kuandaa kozi fupi kwa mafundi tuliojifunzia kazi karakanani. Wengi wetu tungehudhuria, hata kwa kulipia wenyewe.

Liko pia jambo dogo lisilohitaji kusubiri kanuni mpya. Boti za Marekani huja na bandiko la Kiingereza karibu na swichi ya ufunguo, linalomtaka nahodha awashe feni ya kutoa mvuke kwa dakika nne na kukagua ngama kabla ya kuwasha injini. Bandiko hilo liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na liwekwe kwenye kila boti ya petroli yenye injini ya ndani inayobeba abiria katika pwani yetu, na feni yenyewe ijaribiwe mbele ya mkaguzi ionekane kwamba inavuta kutoka chini kabisa ya chumba, si kutoka juu ya injini.

Msomaji wako,
Fundi wa mashine za boti,
Msasani, Dar es Salaam